Chokaa Kwenye Matofali ya Kocha

Mlangoni kwao kulikuwa na viatu jozi mbili visivyofanana hata kidogo. Jozi moja ni mabuti ya kazini yenye chuma puani, yaliyoganda vumbi la saruji hata rangi yake ya dukani ikasahaulika. Jozi nyingine ni viatu vyekundu vya mpira, vyenye meno chini, na kamba ya kimoja haikuwa yake. Mama Kibonge alivipitia kila asubuhi akifagia, na kwa kuvitazama tu alijua wifi yake amerudi na moyo gani. Mabuti yakiwa yamesimama sawasawa, kazini kumekwenda vizuri. Yakiwa yamelala ubavu, mtu asiulizwe kitu mpaka ameze chai. Viatu vyekundu ndivyo havikujua kuficha: vikiwa na matope pamoja, vijana wake wa mpira wameshinda, vikiwa na matope, kimoja huku na kingine kule, wamefungwa.

Wifi huyo, dada wa mumewe, alikuwa injinia, na nyumba nzima ilimwita hivyo, Injinia, utadhani alizaliwa na jina hilo. Alifanya utafiti kwenye kituo cha ujenzi, ng'ambo ya barabara kuu, na utafiti wake ulikuwa matofali. Si ya kuchoma. Ni udongo uliochanganywa na saruji kidogo na jivu, ukashindiliwa kwa mashine, ukaachwa ukauke. Alikuwa akitafuta mchanganyiko ambao mtu wa kipato kidogo atajengea nyumba, na mvua ikija nyumba isimshukie kichwani.

"Yaani, wifi, unalipwa kwa kufinyanga udongo?" Mama Kibonge alimwuliza zamani, alipokuwa bado bibi harusi mgeni katika nyumba ile.

"Nalipwa kwa kuutazama unavyokufa," Injinia akajibu. "Kufinyanga nafanya bure."

Tangu siku hiyo wakapatana. Mama Kibonge hakuwa mtu wa maneno mengi. Shule yake iliishia darasa la saba, na mbele za watu alipenda kukaa pembeni na mtoto wake mgongoni, akiona. Lakini na wifi yake walitaniana mpaka mume akawa anatoka nje na kikombe chake cha chai.

Kazi ya pili ya Injinia haikuwa na mshahara, wala soda. Ilikuwa klabu ya vijana ya mpira, kwenye uwanja ulio nyuma ya tangi la maji, na pale jina lake lilikuwa Kocha. Kila Jumatano jioni na kila Jumamosi alikuwa huko, na wasichana wa timu walimzunguka kama vifaranga. Mume wa Mama Kibonge alisema dada yake hakuanza leo. Utotoni alikuwa akicheza na wavulana mpaka mama yao anakuja na mwiko, na badala ya kukimbilia nyumbani, alikuwa anaomba dakika mbili amalizie.

Mtu mwenye kazi mbili, hizo kazi huanza kuzoeana. Injinia alisoma taarifa za maabara akiwa na filimbi shingoni. Siku moja mashine ya kuvunjia matofali ilikuwa inanguruma, fundi hasikii anaitwa, naye akaipuliza ile filimbi humo humo ndani. Fundi akazima mashine, akainua mikono juu, na watu wawili waliokuwa wakipita koridoni wakasimama. Uwanjani nako, wasichana walikwisha kuzoea kuambiwa kwamba ukuta wa mabeki una ufa, na ufa hauanzi leo, uliachwa jana.

Ugomvi wake mkubwa na wasichana wale ulikuwa mmoja: kukata kona. Aliwaambia wazunguke uwanja, bendera zote nne. Walizunguka tatu vizuri, kwa mwendo mzuri, mikono inakwenda. Ile ya nne, upande wa bondeni ambako maji hutuama, wakaipitia ndani kwa ndani wasichafue viatu.

"Nusu kazi," alikuwa akiwaambia. "Nyinyi mtaniua kwa nusu kazi. Breki, wewe ndiye kapteni. Ile bendera imekukosea nini?"

"Haijanikosea kitu, Kocha," akajibu Breki, msichana mrefu aliyepewa jina hilo kwa sababu akishaanza kukimbia hakuwa nazo. "Ni matope tu. Hatujaelewana nayo."

Sasa, utafiti wa Injinia ulihitaji kitu ambacho kituo chao hakikuwa nacho, nacho ni mahali pa wazi. Kituo kizima kilikuwa majengo na mapaa. Mvua ikinyesha, matofali yanapata manyunyu tu. Uwanja wa klabu ulikuwa wazi pande zote. Akamwomba Mkuu wa kitengo amruhusu kupanga matofali yake kule, juu ya jukwaa dogo la mbao, ukingoni mwa uwanja, uso mmoja ukitazama bondeni mvua inakotokea, msimu mzima.

Mkuu alikuwa mzee mwembamba, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kufunga mikono nyuma anapotaka kukataa. Alifunga mikono nyuma.

"Injinia, mshika mawili moja humponyoka."

"Hayajaniponyoka bado, Mkuu."

"Bado," akasema Mkuu. "Haya, peleka. Lakini nipe neno lako. Siku klabu itakapoiharibu kazi hii, klabu ndiyo utakayoiacha. Sitaki kukuchagulia mimi. Jichagulie sasa hivi, kabla hujakasirika."

Injinia alimpa neno. Jioni akalisimulia nyumbani kama mzaha. Mama Kibonge, aliyekuwa na mtoto kiunoni na huku akikoroga sufuria kwa mkono wa pili, akasema, "Huyo mzee wako hajawahi kunyonyesha huku anapika. Angejua mawili yanashikika." Wakacheka. Lakini usiku ule mabuti yalilala ubavu, naye akayaona.

Mvua za msimu zikaja, zikapiga. Kila baada ya mvua Injinia alikwenda na kijisindano chake cha kupimia, akachungulia jinsi maji yalivyoumega kila uso, akaandika. Matofali yakawa mabaya kuyatazama, yamebonyea, yametoboka, mekundu kama kidonda. Alikuwa akiyapenda. Wasichana walijua hayaguswi, hayakaliwi, mpira ukigonga jukwaa mtu anaomba radhi.

Ijumaa moja Injinia alibanwa kazini. Kesho yake kulikuwa na mechi na timu ya mtaa wa pili, wazazi wanakuja, na uwanja ulitakiwa upigwe mistari. Akamtuma wifi yake.

"Wewe kawasimamie tu, wifi. Wanajua kazi. Shida yao ni kumaliza."

Mama Kibonge akamfunga mtoto mgongoni, akaenda. Wasichana wakakoroga chokaa kwenye ndoo, wakapiga mistari kwa kamba, na kwa mara ya kwanza mistari ikanyooka. Chokaa ikabaki nusu ndoo. Breki akaitazama ile ndoo, akatazama ukingoni.

"Shangazi," akasema, maana walimwita hivyo kwa ajili ya Kocha, "hivi yale matofali ya Kocha tuyaache hivyo hivyo? Wageni wanakuja."

Mama Kibonge akayatazama. Kweli yalikuwa yanatia aibu, yamekaa pale kama meno ya mtu aliyeugua. Aliwaza jinsi wifi yake anavyoyapenda. Aliwaza kwamba hayaguswi maana yake yasivunjwe, yasianguke. Kumvalisha mtu nguo safi si kumgusa vibaya. Yeye mwenyewe mtoto wake akienda kwa watu humpaka mafuta mpaka ang'ae.

"Kocha atafurahi?" akauliza.

"Atalia," Breki akasema. "Kwa furaha."

"Basi pakeni. Polepole, msiyasogeze."

Mtoto akaanza kulilia ziwa, naye akaenda kukaa kwenye kivuli cha tangi, akawapa mgongo. Aliporudi, ukingo wa uwanja ulikuwa unameremeta. Matofali yote, mstari mzima, meupe kama mayai. Wasichana walikuwa wanaosha mikono, kila mmoja na chokaa puani. Akawapongeza, akamwachia mlinzi ufunguo wa geti, akarudi nyumbani akiwa na furaha ya mtu aliyeficha zawadi.

Injinia naye alirudi amechangamka. Mabuti akayavua akayasimamisha.

"Mkuu anakuja kesho," akasema wakiwa mezani. "Asubuhi, kabla ya mechi. Anataka kuyaona matofali kwa macho yake kabla hajaipeleka taarifa yangu mbele. Ikipita, tunapewa kujenga nyumba ya majaribio, nyumba nzima."

"Nyumba ya udongo," kaka yake akasema. "Na mimi niliambiwa shule ina faida."

"Utakuja kuomba chumba humo, kaka. Unajua uzuri wake nini? Nimeyaacha uchi. Sijayafunika, sijayapaka kitu. Mvua imeyapiga hivyo hivyo. Mtu akiyapaka hata rangi, maji hayaingii, na mimi sijui tena nimepima nini. Kazi yote ya msimu kwisha."

Mama Kibonge aliweka kijiko chini. Mtoto, aliyekuwa mapajani pake, akakichukua akaanza kukigonga mezani.

Angeweza kunyamaza. Watu wangesema ni watoto. Lakini alikuwa akimtazama wifi yake usoni, na uso ule ulikuwa na punje ya wali kidevuni, hauna habari.

"Wifi," akasema. "Leo tumeyapaka chokaa."

"Mmepaka nini?"

"Matofali. Wasichana waliniuliza, nikawaruhusu. Tulitaka wageni wayaone safi."

Injinia hakupandisha sauti. Akatafuna alichokuwa nacho mdomoni, akameza, akakunywa maji.

"Yote?" akauliza.

"Yote. Hata moja hatukulibakisha."

"Haya."

Basi. Akainuka, akaenda kupiga pasi shati lake la kesho. Mama Kibonge akamfuata mpaka mlangoni, akasimama na mtoto.

"Nitukane basi, wifi."

"Nikutukane kwa nini? Nani aliyekwambia kwamba chokaa ni sumu ya udongo? Mimi nilikwambia yasiguswe, sikukwambia kwa nini. Kosa la injinia hilo." Akageuza shati. "Ninachowaza ni nitamwambia nini Breki na wenzake. Mkuu nina neno la kumwambia. Hao sina."

Ndipo Mama Kibonge akaelewa kwamba wifi yake hakuwa akiwaza matofali peke yake. Alikuwa amekwisha kuhesabu klabu imekwenda.

Asubuhi walitoka pamoja. Injinia alikuwa amevaa shati la kazini juu na viatu vyekundu chini, na hakuna aliyemtania. Walipofika, geti lilikuwa wazi, na Mkuu alikwisha kutangulia. Alikuwa amesimama mbele ya jukwaa la matofali, mikono nyuma. Kando yake wasichana wamejipanga mstari mmoja kwa jezi zilizopigwa pasi, wakisubiri sifa.

"Shikamoo, Kocha," wakaamkia pamoja.

"Marahaba." Injinia akawatazama mmoja mmoja, kisha akayatazama matofali. "Nani amepaka?"

"Sisi," Breki akasema, kidevu juu. "Kwa ajili yako."

Mama Kibonge alimwona wifi yake akitafuta uso wa kuweka, akaupata.

"Mmenyoosha vizuri," Injinia akasema. "Hata mistari ya uwanja leo haijalewa. Ahsanteni. Nendeni mkapashe mwili."

Wakaondoka wakikimbia, wakisukumana kwa furaha. Mkuu akangoja mpaka wakafika mbali.

"Umewashukuru," akasema.

"Wamenipa kitu, Mkuu. Mtu akikupa kitu unashukuru kwanza."

"Na kazi?"

"Kazi imepakwa chokaa, unaiona. Nilikupa neno langu, na neno langu..."

"Ni mimi, baba," Mama Kibonge akasema. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka. "Watoto waliniuliza mimi, mimi ndiye nikawaambia wapake. Yeye hakuwapo. Kama kuna mtu wa kukatazwa kuja hapa, ni mimi."

Mkuu akamgeukia kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Mama, wewe hukunipa neno. Yeye alinipa."

Mama Kibonge akainama kumchukua mtoto, aliyekuwa amemshusha chini tangu walipofika, na mtoto hakuwapo. Akageuka huku, akageuka kule, kisha akasikia kicheko kidogo upande wa pili wa jukwaa, kule bondeni kwenye matope. Akauzunguka upande ule mbio, kanga ikiburuzika, akamkuta Kibonge amesimama kwenye tope hadi vifundoni, ameegemea matofali kwa viganja vyote viwili, anayapiga makofi kama ngoma.

Akambeba. Mtoto akamshika shavu kwa furaha. Mama Kibonge akajifuta, akatazama vidole vyake.

Vilikuwa vyekundu.

Akaishika mikono ya mtoto, akaigeuza. Udongo mtupu. Hata alama ya chokaa haikuwamo. Ndipo akainua macho.

"Wifi," akaita. "Njoo. Njoo upande huu."

Injinia akaja, Mkuu nyuma yake, akichagua pa kukanyaga na viatu vyake vya ngozi. Wakasimama watatu na mtoto kwenye matope, mbele ya uso ule wa matofali unaotazama bondeni. Ulikuwa mwekundu, umebonyea, umetoboka, vile vile mvua ilivyouacha. Juu kabisa, kwenye ukingo, palikuwa na mchirizi mmoja mmoja mahali brashi ilipochungulia ikarudi. Chini ya hapo, hakuna kitu.

Injinia akapiga magoti palepale, shati la kazini na yote. Akatoa kijisindano mfukoni, akakitia kwenye tofali la kwanza, akakitia la pili. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mama Kibonge akadhani analia, akamwekea mkono mgongoni. Alikuwa anacheka.

"Breki," akaita, na alipoona haitoshi, akapuliza filimbi.

Breki akaja mbio, akasimama pale nyasi zinapoishia, hakuingia kwenye matope.

"Huku nyuma mbona hamkupaka?"

Msichana akatazama viatu vyake, vyeupe, vilivyooshwa jana. "Kuna matope, Kocha. Tukaona wageni watakaa upande ule." Akangoja, kisha akaongeza, "Ni nusu kazi, najua. Tukipata chokaa tutamalizia."

"Mkimalizia nawafukuza timu nzima," Injinia akasema. "Nenda kapashe mwili. Na hili usilizoee. Ni siku moja tu maishani nimefurahia uvivu wenu."

Breki akaondoka haelewi kitu, akigeuka nyuma mara mbili.

Mkuu alikuwa ameinama, anasoma ule uso wa tofali kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Huu ndio uso unaoupima?"

"Ndio huu, uso wa mvua. Ule wa mbele nilikuwa naulinganisha na huu, na sasa umeharibika. Sitakuficha. Tena tofali likizibwa upande mmoja hukauka tofauti, kwa hiyo vipimo vitakavyofuata si vya kuchanganya na vya nyuma. Vya mpaka jana ni safi. Vitatosha kwa taarifa. Lakini upande wa kulinganisha itabidi niufanye upya na matofali mengine, na nitaandika kwamba upande huu ulipakwa chokaa, na ulipakwa na nani."

"Utaandika na nani?"

"Timu ya wasichana. Na wifi yangu."

"Usiniandike mimi," Mama Kibonge akasema haraka, na Mkuu akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko kikavu kama kikohozi. Kisha kikaisha, akafunga mikono nyuma tena.

"Neno lako lilisemaje, Injinia?"

"Siku klabu itakapoiharibu kazi."

"Imeiharibu?"

Mama Kibonge alitamani amsemee Injinia. Kusema hapana kulikuwa kwepesi, neno moja tu, na klabu ikabaki. Lakini alimjua wifi yake.

"Imeikwaruza," Injinia akasema mwishowe. "Nikisema haikuigusa nitakuwa mwongo."

"Kukwaruza hakukuwamo kwenye neno," Mkuu akasema. "Lakini kupo kwenye muda. Hayo matofali mengine utayapiga lini?"

"Siku za kazi zimejaa."

"Zimejaa. Kwa hiyo?"

Injinia akautazama uwanja. Wasichana walikuwa wanazunguka, bendera ya kwanza, ya pili. "Jumatano jioni," akasema taratibu. "Nitaziacha Jumatano, mpaka matofali mapya yakae sawa. Jumamosi sizitoi, Mkuu."

"Sikukuomba Jumamosi," akasema Mkuu. Akautoa mguu wake kwenye tope, ukalia. "Na uyazungushie wavu. Na kibao. Waandikie kwa nini, si usiguse tu."

Akabaki kuangalia mechi. Alisema anakaa dakika chache, akakaa mpaka mwisho, na bao la pili lilipoingia alisahau mikono ikatoka nyuma. Wasichana walishinda. Jioni ile viatu vyekundu vililala mlangoni pamoja, vimeshikana matope, na kando yake mabuti yamesimama.

Likabaki swali la nani awasimamie wasichana Jumatano. Wasichana hawakutaka mgeni. Kaka mtu alisema yeye kazi yake ya gareji haimruhusu, na mpira anaujua wa redioni tu. Injinia akavua filimbi shingoni, akaizungusha kidoleni, akamtazama wifi yake.

"Usinitazame hivyo," Mama Kibonge akasema. "Mimi hata kupiga mpira sijui. Mara ya mwisho niliupiga, kandambili ndiyo ilikwenda."

"Hupigi wewe. Unatazama. Wewe ni mtu wa kuona, wifi. Ungekuwa wa kusema tu, tusingejua kuna upande wa pili."

"Yule ni mwanao aliyeona."

"Basi nenda naye. Msaidizi wa kocha."

Jumatano ilipofika akaenda, mtoto mgongoni, filimbi shingoni. Wasichana wakamwamkia, wakajipanga bila kuambiwa. Akawaambia wazunguke uwanja, bendera zote nne, maneno yale yale aliyoyasikia kwa wifi yake, ila kwake yalitoka kama ombi. Wakaenda. Bendera ya kwanza wakaizunguka, ya pili, ya tatu, Breki mbele, magoti juu. Walipokaribia ile ya bondeni Breki akatupa jicho la pembeni kumtazama Shangazi, kisha akaikata kona, na kundi zima nyuma yake.

Mama Kibonge akaipeleka filimbi mdomoni. Akayatazama matofali, meupe upande wake, na wavu mpya umeyazunguka. Kibonge akapapasa begani pake akiitaka ile filimbi. Akamwacha aishike.

Kisha akakumbuka kwamba Jumamosi wifi yake atamwuliza. Akaichukua, akaipuliza kwa nguvu zake zote, mpaka yeye mwenyewe akashtuka.

"Rudini," akasema. "Ile ya nne hamjaizunguka. Na mimi nakuja, ngojeni nivue kandambili tu."